Mahari Iliyoandikwa Mahali

Mtu akikwambia Scolastika Mabula ni mvivu, mlete kwangu mimi Evelina tuelewane. Miaka yote hii tumekaa naye nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Kahama, ungo kwa ungo, tunapepeta pumba kutafuta chenga za mchele zilizojificha humo, na sijawahi kumwona akimaliza siku na fungu dogo kuliko langu. Tatizo lake ni moja tu: anaondoka. Mwili unabaki pale juu ya gunia alilokalia, mikono inarusha ungo, pumba zinapaa na kuelea kwenye mwanga unaopenya matundu ya bati, lakini mwenyewe hayupo. Unamwita mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ndiyo anageuka na macho yamelegea, anakuuliza, "Ee? Umesema ng'ombe?"

Nani kasema ng'ombe jamani! Nimesema niazime chekeche.

Mwanzoni nilidhani ana malaria ya kujirudia. Nikamwambia akapime. Akacheka, akaniambia hapana, Mama Otmar, ninaandika kitabu. Nikamtazama vizuri kuona kama ananitania. Mwanamke mzima, wajukuu anao, kitambaa kichwani kimejaa vumbi la pumba, anaandika kitabu! Lakini kweli. Umeme ukikatika na mashine ikanyamaza, sisi wengine tunajinyoosha juu ya magunia tusinzie, yeye anatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Pumba bado zinaelea, hazina haraka ya kutua, joto la bati linatushukia, na katikati ya usingizi namsikia anacheka peke yake, au anavuta kamasi. Nikifumbua jicho moja namwona ameketi kwenye ule mwanga wa vumbi, hayuko Kahama kabisa, yuko huko kwao zamani kabla hatujajuana.

Kitabu kilikuwa cha mama yake. Mama huyo yupo hai hadi leo, anakaa kijijini njia ya kwenda Mwakitolyo. Alipokuwa msichana alitolewa ng'ombe wengi wa mahari, kundi lililofanya watu wasimame njiani kutazama. Mume aliyewatoa akawa wa kumpiga. Akakimbilia kwao. Sasa kwa desturi mke akirudi kwao, na ng'ombe wanarudi kwa mume. Scola anasema ng'ombe hawakuwepo tena: kaka wa mama yake alikuwa ameshaoa nao. Basi baba mtu akamshika binti yake mkono na kumrudisha kwenye kipigo, kwa sababu ng'ombe hawarudishiki. Hayo Scola aliyaokota kwa mashangazi, kipande huku kipande kule. Mama mwenyewe hajawahi kutamka neno.

Alikuwa akinisimulia vipande, kwa sauti ile yake ya mtu aliyetoka kuamka. Ng'ombe wanapita kwenye ukungu wa asubuhi, huoni miguu, migongo tu inaelea. Msichana amesimama mlangoni anajaribu kujiona yeye ni yupi kati ya wale ng'ombe. Nilijikuta nimeacha kupepeta, ungo uko mapajani. Nikamwambia nipe simu nisome kitabu chote. Akakataa. "Mpaka kichapwe," akasema. "Utasoma kikiwa kitabu."

Jina tu ndilo alinionyesha. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: MAHALI YA MAMA.

Nikamwambia, "Scola, hii ni mahali."

"Ndiyo, mahali."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe! Sasa ya nini, ya kuku?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Huku kwetu l na r zinalala kitanda kimoja, hilo si siri. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, masista walininyoosha kidogo shuleni, ingawa nikikasirika zinaniponyoka vilevile. Scola amekulia kwenye Kisukuma kitupu. Yeye huandika lafiki, balua, na akijishtukia ili ajirekebishe ndiyo anaharibu na lile lililokuwa sawa, anaandika kurara. Mashineni wote tunalijua hilo, tunamtania, naye anacheka nasi. Jina likabaki hivyohivyo.

Halafu akatokea Raphael.

Sijamwona huyo mtu kwa macho, ni sauti tu. Alimpata Scola kwenye kundi moja la waandishi chipukizi la mtandaoni. Kampuni yake inaitwa Nyota Njema Wachapishaji wa Kimataifa. Alimwambia atume kitabu, Scola akatuma jioni, na asubuhi tu jibu likawa limeingia: kamati nzima imekisoma, imelia, na amechaguliwa kati ya waandishi wachache sana wa ukanda huu. Hakuna hata kosa moja, aliandika. Kinahitaji ada tu: ada ya mitambo, ada ya usajili, ada ya kusambazwa Afrika Mashariki nzima. Na nafasi itafungwa mwisho wa mwezi.

Lo! Ungemwona Scola. Alinisomea ule ujumbe na machozi yanatiririka yanachora njia kwenye vumbi la uso. "Wamelia, Mama Otmar. Watu wasiomjua mama yangu wamemlilia." Kuanzia siku hiyo ndiyo akaondoka moja kwa moja. Alipepeta akitabasamu. Aliniambia anaona kitabu kiko dukani, kimesimama kwenye kabati la kioo, na mtu anapita, anarudi nyuma, anakifungua. Yule mtu hakuwa na sura. Alikuwa na mikono tu, mikono safi inayogeuza kurasa taratibu.

Mimi moyo ulikuwa unanigoma. Nilimuuliza, kitabu chote kile wamekimaliza usiku mmoja, tena kamati nzima? Walisomea wapi, kwenye pikipiki? Na huyu bwana mbona kila akipiga simu hazungumzii hadithi, anazungumzia ada? Na ofisi yenyewe iko wapi, maana pesa inatakiwa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu? Scola akanijibu kwa upole ule unaonikera, kwamba mimi sijui mambo ya vitabu. Ni kweli sijui. Kwa hiyo nilikwenda kwa Deusdedit, yule anayeuza vitabu na madaftari karibu na stendi, nikamwomba anionyeshe kitabu chochote cha Nyota Njema.

Deusdedit akakuna kidevu. "Hao sijawahi kuona kitabu chao hata kimoja, mama. Wakubwa na wadogo nawajua, hao hapana."

"Na mwandishi hulipa ili achapwe?"

"Wapo wanaojichapishia kwa pesa yao, siyo dhambi. Lakini hao wanakwenda kiwandani, wanaona mashine, wanahesabiwa nakala zao. Mchapishaji anayekuchagua yeye ndiye anayetoa pesa. Tena anakusumbua! Anakaa miezi, anakurudishia, anakwambia hapa sielewi, hapa punguza. Sasa huyu hana swali hata moja?"

Nikarudi mbio kumweleza Scola. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono na kusema, "Wabeja, Mama Otmar," asante yao ile, na nikajua nimetwanga maji kwenye kinu. Akasema siku ya mnada anakwenda kumuuza mtamba wake ili alipe hiyo ada.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Huyo mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe begani, Scola alimnunua kwa chenga. Chenga! Ungo kwa ungo, msimu kwa msimu, mpaka akaenda mnadani peke yake na kumtoa na kamba mkononi. Katika ukoo wao wanawake wametolewa ng'ombe miaka nenda rudi, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Yeye wa kwanza. Anamfuga kwa mama yake, na kaka yake Magesa alipohamia kwenye machimbo ya Mwakitolyo na kutaka kumuuza ili aingie ubia kwenye shimo la dhahabu, yule bibi alikaa mlangoni mwa zizi na fimbo. Magesa akaondoka mikono mitupu.

Nilimwambia Scola, "Ukimuuza huyu, umebaki na nini?"

"Na mama yangu," akanijibu. "Atakuwa kwenye kitabu."

Ningefanyaje? Nilikwenda naye. Kumwacha peke yake nisingeweza, hasira zangu zote ni za mdomoni tu.

Tulishuka kwenye basi, tukamchukua mtamba, na bibi hakuuliza kitu, alimfungulia tu akamgusa kichwa. Tukaenda kwa miguu mpaka mnadani. Ilikuwa siku ya ajabu ile, upepo hakuna, vumbi la kwato limesimama juu ya uwanja wote, jekundu, jua linaonekana ndani yake unaweza kulitazama usiumie. Watu na ng'ombe wanatokea ndani ya vumbi na kupotea tena. Sauti zinafika zimechelewa. Scola alitembea katikati ya hayo kama mtu wa nyumbani, na nikawaza, kumbe huku ndiko anakokwendaga akiwa na ungo mkononi. Mnunuzi alipatikana mara moja, mzee mmoja mpole, akamzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akasema bei nzuri. Scola akamkabidhi kamba.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Raphael alikuwa ametuma jalada la kitabu, ili kumtia moyo afanye haraka.

Scola akaitazama. Akaitazama tena. Akanipa mimi.

Bahari. Bahari ya buluu, minazi miwili imeinama, na kijumba cheupe ufukweni. Sisi na minazi wapi na wapi! Juu yake, kwa maandishi ya dhahabu: MAHALI PA MAMA.

"Wamekurekebishia jina," nikasema. Sikuwa nimeelewa bado.

"Mahali gani?" Scola akauliza.

"Si ndivyo ulivyoandika. Mahali."

"Niliandika mahali ya ng'ombe!"

"Scola, wewe uliandika mahali. Kila siku unaandika mahali. Wao wakaona 'ya' imekosewa, wakaweka 'pa'."

Akaichukua simu yake mkononi mwangu. Halafu akasema polepole, siyo kwangu hasa, "Lakini ndani ng'ombe wamo. Ukurasa wa kwanza wanapita. Mtu akifungua tu anakutana nao. Hata kama jina nimekosea, angefungua tu."

Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa. Mzee mnunuzi amesimama na kamba, anasubiri, hajui kinachoendelea.

"Mwandishi wetu!" Raphael akapokea kwa furaha. "Umeona kazi hiyo? Vipi, mzigo tayari?"

"Kaka Raphael," Scola akasema, "nina swali moja tu. Kwenye kitabu changu, yule mama alirudi kwa mumewe kwa sababu gani?"

Nilisikia pikipiki inapita huko aliko.

"Aa, dada yangu, pale… pale palitugusa sana kamati. Mama alirudi kwa sababu ya kupapenda mahali pale. Mandhari, ule upepo. Umeelezea vizuri mno. Sasa kuhusu ada…"

Scola akakata. Hakupiga kelele, hakutukana. Mimi ndiye niliyetukana, tena niliichukua ile simu nikampigia tena nimweleze vizuri, na kwa hasira r zote zikageuka l, nikamwita mwongo, tapeli, na halamia alaaniwe huko aliko, alaaniwe na kamati yake. Akanikatia. Namba ikawa haipatikani tena. Mzee mnunuzi akatutazama, akamtazama mtamba, akamrudishia Scola kamba bila kuulizwa. "Mama," akasema, "biashara ya machozi mimi siitaki." Mungu ambariki mzee yule.

Tukaanza kurudi. Mimi nilikuwa nafurahi, nakiri, nilitaka hata kuimba: ng'ombe yuko na pesa haijatoka. Nikamwambia Scola ashukuru Mungu. Akasimama katikati ya njia na kamba mkononi.

"Siyo ng'ombe, Mama Otmar," akasema. "Mwezi mzima nimetembea najua kuna mtu amemlilia mama yangu. Nilikuwa namwona. Mikono yake nilikuwa naiona. Kumbe hakuna mtu."

Akalia pale njiani. Mtamba akainama akala majani ya pembeni. Ikaniuma, kwa sababu kwa mwezi huo mzima mimi nilikuwa nimehesabu ng'ombe tu na wala sikuwaza kwamba kuna kitu kingine cha kuibiwa. Mwisho nikamwambia, "Soma basi. Nisomee mimi. Kitabu si kitabu, simu si simu, soma."

Alifuta uso, akanipa kamba, akaanza. Alisoma akitembea, na njia ikatoweka. Sijui nieleze vipi. Vumbi la mnada lilikuwa nyuma yetu na jioni ilikuwa inaingia, mashamba ya mpunga pembeni yamefunikwa na kiukungu chepesi, na kila alichosoma kilikuwa kinapita mbele yangu. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa nimelowa machozi shingoni, na mtamba alijiongoza mwenyewe, mimi kamba niliisahau.

Bibi alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Tukaamkia, akaitikia marahaba, akamtazama mtamba na kumtazama binti yake. Hakuuliza habari za mnada. Aliuliza, "Ulikuwa unasoma nini? Nimesikia sauti yako tangu kule kwenye mkonge."

Scola akababaika. Nikajibu mimi, "Ni habari zako, mama. Amekuandika."

Nikadhani atakasirika. Akasogeza miguu akasema, "Haya. Na mimi nisikie."

Scola akaketi chini karibu naye. Alisoma kwa Kiswahili akigeuza Kisukuma, na pale aliposhindwa neno nilimsaidia kwa Kisumbwa, tukaelewana. Bibi alisikiliza ukungu, akasikiliza migongo ya ng'ombe, akatikisa kichwa taratibu. Aliposikia kipigo alitazama mikono yake. Ikafika mahali baba yake anamshika mkono kumrudisha kwa mume, kwa sababu ng'ombe hawapo.

"Ngoja," bibi akasema. "Hapo nani kakwambia?"

"Mashangazi, mayu," Scola akajibu, kwa neno lao la mama.

"Mashangazi walikuwepo?" Akatema mate pembeni. "Baba yangu hakunirudisha. Ng'ombe alikopa kwa ndugu zake, akawajaza zizini tayari. Asubuhi tulikwenda kuwarudisha, mimi nilifuatana nao ili nionekane kwa wazee kwamba nimeachika. Baba yako akasema sawa, ng'ombe nirudishieni, mtoto simtoi. Wewe ulikuwa umeanza kusimama dede."

Simu ilizima mkononi mwake.

"Wazee wakaona ni haki. Tukageuka kurudi kwetu, mimi nikiwa huru, wewe umebaki kwa baba yako. Nikatembea. Tulipofika bwawani maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Kanga ikalowa mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni. "Baba yangu akaona, akageuza uso. Sikumwambia kitu. Niliwaacha wanaume pale bwawani, nikarudi peke yangu. Hakunishika mtu mkono."

Miaka yote ile Scola alikuwa ameandika kisa cha mwanamke aliyefungwa na ng'ombe. Alilaza kichwa mapajani mwa mama yake, na vumbi la mnada kwenye nywele, mtu mwenye wajukuu, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mashineni. Alikuwa anasema nisamehe, mayu, nisamehe, ulipigwa kwa ajili yangu. Bibi alimpapasa mgongo kwa kiganja kizima, hana haraka.

"Usilie," akamwambia. "Nilikukuta umelala. Nikakuamsha, ukanyonya."